Dakika Nne za Kalunde

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Daftari hili nililinunua liwe la hatua tu: nani anaingia kwa mlango gani, nani anageuka wapi, filimbi inalia mara ngapi. Lakini najijua. Nikishika kalamu kuandika hatua, maneno nayo huja nyuma kama mbuzi wanaofuata yule aliye na kengele. Basi yaje. Mungu anajua hata yale nisiyoandika.

Leo nimeitwa na baraza la wazee. Kanisa letu hapa Mumbuni linatimiza miaka hamsini mwezi wa kumi na mbili, na wanataka mchezo wa kuimba na kucheza unaoonyesha vile lilianza. Aliyetaja jina langu ni Mzee Wathome, mwenyekiti. Alisema shule karibu zote za hapa nimezifundisha kucheza, na vikombe vinang'aa ofisini kwa walimu wakuu. Nikashukuru. Sikuwaambia kwamba katika vikombe vyote hivyo hakuna hata kimoja chenye jina langu. Nilianza kucheza nikiwa msichana kule Kangundo, nikawachezea wageni miaka saba na kikundi kimoja cha Nairobi, nikaolewa huku, na watoto wa watu nimewafundisha miaka ishirini na moja. Kusoma nilifika darasa la saba. Mwili ndio uliendelea na masomo.

Wamenipa karatasi ya historia. Mstari wa kwanza unasema: Mwaka wa 1947 Mzee Kiema alitoa shamba lake kwa ajili ya nyumba ya Mungu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Wamama waliojiandikisha ni ishirini na wawili. Magoti ni arobaini na manne, mazima labda thelathini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mimi ngoma huipanga kwenye ungo. Maharagwe ni wamama, mahindi ni wasichana. Nikisukuma kwa kidole naona njia ya kila mtu, wapi watagongana, wapi patabaki wazi. Jana nilimaliza kupanga sehemu yote ya kwanza, nikaacha ungo mezani nikaenda kuchota maji. Dada ya mume wangu alikuwa amefika kutoka Mwala. Akakuta mahindi na maharagwe yamechaguliwa vizuri, akayaosha, akayateleka. Tumekula kwaya nzima. Mume wangu Nzioka, ambaye ni fundi wa mbao na haongei sana, alisema hii imeiva kuliko ile ya Pasaka.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua imeanza. Kubwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimevuka kijito kwenda kwa Nthambi. Nilitaka aniambie wazee wa zamani walisalimianaje, ili mtu atakayecheza Kiema ajue kusimama.

Nthambi ni mjane wa miaka sitini. Katika wilaya hii sijaona mabega kama yake. Yanatetemeka kama maji ya sufuria yakikaribia kuchemka, na shingo imetulia juu yake kabisa. Lakini kanisani anakaa kwa benchi ya mlangoni, maana ametengwa na meza ya Bwana mwaka wa sita sasa, kwa sababu ya Kasiva.

Nayaandika haya kwa ajili ya wajukuu, maana wale wa mjini hawajui. Mume wa Nthambi alikufa kabla hawajapata mtoto. Basi akafanya vile akina mama wa Ukambani wamefanya tangu zamani, akatoa mbuzi na ng'ombe kwa wazazi wa Kasiva, akamleta nyumbani awe mke wa boma. Mwanamke kama huyo tunamwita iweto. Watoto anaozaa wanaitwa kwa jina la marehemu, na moto wa nyumba hauzimiki. Kati ya wanawake hao wawili hakuna jambo la kitanda, ni jambo la nyumba. Lakini kanisa letu linasema ni upagani.

Nilipomtajia Kiema na shamba, Nthambi aliweka chini kisu cha viazi akacheka mpaka akajipangusa macho kwa leso.

"Kiema gani huyo wa mwaka wa arobaini na saba? Kiema alikufa wakati wa nzige, mimi hata sijazaliwa. Alitoka kaburini kuja kuweka kidole gumba?"

Shamba lilitolewa na Kalunde, mjane wa Kiema. Hakuwa na mtoto. Akaoa msichana, mtoto wa kiume akazaliwa, na wamishenari walipokuja kutafuta mahali pa kujenga ni Kalunde aliyewaonyesha pembe nne za shamba kwa miguu yake. Ila kwa mila yote yalifanywa kwa jina la mume. Ndiyo maana karatasi inasema Kiema. Kwa mila si uongo. Lakini mimi ninapanga ngoma, na maiti hachezi.

Nikauliza yule mtoto yuko wapi. Nthambi akasema, "Yupo. Kula viazi."

Njiani nikirudi, matope mpaka kwa kifundo, ngoma yote ilinijia. Sijawahi kuona ngoma wazi namna hiyo. Nikarudi tena kwa Nthambi, nimelowa, nikamwambia Kalunde atachezwa na yeye, na msichana atachezwa na Kasiva.

"Mumbua," akasema, "mezani sikaribishwi. Jukwaani nitakaribishwa?"

Nikamwambia meza ni ya Bwana na wazee wameshika ufunguo, lakini jukwaa nimepewa mimi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tunafanya mazoezi kwa stoo ya kanisa. Mvua ikipiga mabati huwezi kusikia ngoma wala filimbi. Nimewaambia watazame mgongo wa aliye mbele. Pumzi yake ikipanda, wewe panda.

Ngoma ya Kalunde, nimeipanga hivi. Nthambi anaingia peke yake na kikapu cha kyondo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Anasimama. Hatikisi kitu mpaka watu waanze kuogopa kwamba amesahau. Halafu bega moja tu. Halafu la pili. Kasiva anaingia kutoka upande wa kulia, na hapo kyondo kinatoka kwa Nthambi kinaenda kwa Kasiva bila mkono kukigusa, kwa kuinama na kuinuka tu. Halafu wanapima shamba wote wawili, hatua kumi na mbili kila upande, na kila pembe mabega yanatetemeka. Mwisho mikono inafunguliwa. Dakika nne.

Wamama wale wengine wameiona leo. Mmoja akasema mahindi yake yameoza shambani na leo ndiyo mara ya kwanza hajayafikiria.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 1 Novemba

Mzee Wathome alipita kutazama mazoezi. Alisimama mlangoni, kofia inachuruzika maji. Walipofika pembe ya pili ya shamba aliondoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeitwa barazani. Wazee saba, na Mchungaji pembeni akiandika. Aliyeongea ni Wathome, polepole, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe. Mchezo ni mzuri, nyimbo ni nzuri, ila ile sehemu ya wanawake wawili iondolewe. Kanisa haliwezi kusherehekea mbele ya askofu jambo ambalo limewatenga watu kwa sababu yake.

Nikauliza, basi shamba lilitolewa na nani. Akasema imeandikwa kwa karatasi. Nikasema karatasi imempa maiti kalamu. Mzee mmoja alikohoa, nafikiri alikuwa anacheka.

"Mumbua," Wathome akasema, "wewe panga miguu. Historia utuachie sisi."

Mimi si mtu wa kujibu wazee. Lakini nilisimama, leso kichwani, nikasema kwa heshima kwamba sitaiondoa. Wakanipa siku tano za kufikiri. Nimerudi nyumbani nikamimina chai nje ya kikombe. Nzioka aliuliza kimetokea nini, nikamweleza yote. Alipiga randa ubao wake mara kama kumi, halafu akasema, "Kama umesema huondoi, usiondoe. Ila ule kwanza."

Jumatano, 5 Novemba

Nimeomba leo asubuhi na jioni. Sijasikia popote Mungu akiniambia nichukue sifa za mjane nimpe marehemu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimewajibu kwamba jibu ni lile lile. Basi wameniambia nipumzike. Wamemwita Erastus, mtoto wa karani wetu wa zamani. Amekaa Nairobi miaka sita akisomea baleti, ile ngoma ya kizungu ya kusimama kwa vidole vya miguu, na ameelekeza michezo ya kuimba kwenye kumbi kubwa. Wanasema ataleta kitu safi.

Nimempa filimbi mikononi kwa sababu aliniomba vizuri. Lakini daftari sikumpa.

Jumatano, 12 Novemba

Nilipita stoo kuchukua mwavuli wangu, hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Erastus ni kijana mrefu, amevaa suruali inayobana mpaka wamama wanaangalia dari. Amechagua wasichana kumi wawe malaika. Kaseti inalia, wao wanainua mkono mmoja polepole kama majani yanayofuata jua. Wamama wa magoti mabovu amewaweka nyuma waimbe.

Nilitaka iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisahau mwavuli.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilimpelekea Nthambi habari, nikamwambia ninataka kusimama mbele ya kanisa zima nimuulize Wathome kwa nini amechukia ngoma hii hivyo. Alinishika mkono.

"Usimuulize mbele ya watu," akasema. "Uliniuliza mtoto wa Kalunde yuko wapi. Ulimwona juzi mlangoni na kofia."

Nimekaa na neno hilo kama mtu aliyemeza jiwe. Huku nilikuja kuolewa tu, sikujua. Kumbe wote waliozidi miaka hamsini wanajua. Mzee Wathome amezaliwa na iweto, katika boma la wanawake wawili. Shamba tunalosimama juu yake kila Jumapili lilikuwa lake kurithi. Na ni yeye aliyetia sahihi Nthambi atengwe.

Kwanza nilimkasirikia. Halafu nikafikiria vile alisimama akilowa, na akaondoka pembe ya pili, na sikujua tena nimwite nini moyoni.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeenda kwake. Naandika yote nisije nikasahau nikajipa maneno matamu ambayo sikusema.

Mvua ilikuwa imepumzika na yeye alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza mahindi juu ya gunia, yale ambayo yameanza kuota yakiwa bado kwenye magunzi. Mke wake alinipa kiti na chai akaingia ndani. Nikachukua mahindi nikageuza na mimi. Tuligeuza muda mrefu.

Nikamwambia ninajua Kalunde alikuwa nani kwake.

"Nani amekuambia?"

"Mzee, wanajua wote. Wananyamaza kwa kukuheshimu."

Hakuinua macho. Akaniambia, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, kwamba alipokuwa shule ya msingi watoto walimfuata njiani wakiimba kwamba baba yake anavaa rinda. Alipigana nao mpaka mkono ukavunjika. Akiwa na miaka kumi na mitano alianza kusema tu, mimi ni mtoto wa Kiema, na watu wakamwacha. Hivyo ndivyo alivyosoma, akaoa, akawa mzee wa kanisa.

"Na si uongo," akasema. "Kwa mila yetu Kiema ndiye baba yangu. Na ndiye alitoa shamba."

"Si uongo," nikasema. "Lakini kwa mila hiyo hiyo Kasiva ni mke wa boma la Nthambi. Mila ikikupa wewe baba, unaishika. Ikimpa Nthambi nyumba, unamtoa mezani."

Sijawahi kuongea hivyo na mwanaume aliyenizidi umri. Alitupa pembeni mahindi yaliyooza, moja moja.

Nikaendelea, maana ningenyamaza ningelia. Nilimwahidi mbele za Mungu kwamba mtoto hatakuwa kwenye ngoma. Hatatajwa, wala hakuna mtu atakayebeba kitu mgongoni kinachofanana na mtoto. Maisha yake ni yake. "Lakini shamba litatolewa na Kalunde," nikasema. "Hilo siwezi kukupa."

"Basi toka na ngoma yako," akasema, "na usirudi nayo kanisani."

Chai sikuimaliza. Nimekuwa nikiogopa wazee maisha yangu yote, na leo nimegundua kwamba ukishaogopa mpaka mwisho, kuna mahali hofu inaisha na bado umesimama.

Jumapili, 16 Novemba

Meza ya Bwana leo. Nimeshiriki. Wathome ndiye aliyepitisha mkate. Mkono wake ulikuwa na michubuko ya mahindi, na wangu pia.

Ijumaa, 21 Novemba

Daraja la miti limechukuliwa na maji. Kwa Nthambi sasa tunazunguka juu, saa nzima.

Tumeendelea na mazoezi, kwenye ghala lake. Baraza lilisema nipumzike, halikusema wapi.

Jumanne, 25 Novemba

Leo Erastus amekuja kwa Nthambi. Alitokea mlangoni viatu mkononi, matope mpaka magotini, akasalimia, "Shikamoo mama," mara tatu, kila mtu ya kwake. Nikafikiri ametumwa kutupeleleza. Akaomba tu aone.

Nthambi na Kasiva wakacheza. Alipomaliza kutazama alikaa chini juu ya gunia. Akamwomba Nthambi amfundishe bega. Alijaribu. Kiuno kilienda, kichwa kilienda, bega likakataa kabisa. Kasiva alicheka mpaka akashika ukuta, akamwambia, "Ndugu yangu, hiyo ni mlango imekwama."

Erastus naye akacheka, akasema mwalimu wake alichukua miaka sita kuyaua mabega yake yasitikisike hata kidogo, na yeye akamlipa na kumwambia ahsante kwa hilo.

Halafu aliniambia kitu kuhusu ngoma yangu. "Mwalimu, pale mwanzo Mama Nthambi anasimama kimya. Unamwacha muda mfupi. Mwache zaidi. Watu wakichoka kungoja, mwache bado." Tulijaribu. Mimi nilidhani ngoma ni kile kinachotikisika, na mtoto huyu wa suruali ya kubana amenionyesha nguvu ya kile kisichotikisika.

Nilipomsindikiza nikamwambia ya Nairobi, ambayo sijamwambia mtu ila Nzioka. Kwenye kile kikundi nilitunga ngoma tano. Kiongozi wetu ndiye alikuwa anasimama mbele wageni wakipiga makofi, anainama yeye, na kwenye karatasi jina ni lake. Erastus akasema ratiba ya sherehe inapigwa chapa na yeye.

Jumamosi, 29 Novemba

Ratiba imepitishwa na baraza. Malaika, kwaya, hotuba ya askofu, malaika tena. Kati ya kwaya na askofu kuna mstari unaosema: Wimbo wa wamama, dakika nne. Mzee mmoja aliuliza wimbo gani. Erastus akasema wa kushukuru. Ni kweli.

Alhamisi, 4 Desemba

Nthambi anataka kuacha. Watoto wa Kasiva walirudi kutoka dukani wakilia, mtu amewaimbia ule ule wimbo wa baba mwenye rinda. Miaka hamsini na maneno hayajabadilika hata moja. Nthambi alisema yeye ni mzee, matusi hayampati, lakini watoto ni wadogo. Nikasema basi tuache. Nilimaanisha. Sikuwa na haki ya kujenga ngoma yangu juu ya machozi ya watoto.

Kasiva alikuwa akichambua kunde. Yeye huwa haongei sana akiwa na sisi, nafikiri kwa sababu kila mtu huongea juu yake akiwa hapo hapo.

"Mwaitu," akamwambia Nthambi, ndilo jina analomwita, mama yangu. "Mimi sijaulizwa. Baraza halikuniuliza, na nyinyi hamjaniuliza. Watu wanasema nilinunuliwa kwa mbuzi. Mimi nilikuja hapa kwa miguu yangu, nyumbani kwetu nilikuwa napigwa, na hapa sijapigwa hata siku moja. Watoto wataimbiwa tukicheza, wataimbiwa tusipocheza. Nataka wanione nikiingia."

Nthambi aliinuka, akajifunga leso kiunoni. Akasema, "Haya. Toa kunde hapo katikati tupate nafasi."

Jumatano, 10 Desemba

Paa la stoo linavuja mahali pa malaika wa tatu. Tumemsogeza.

Jumamosi, 13 Desemba

Imechezwa.

Asubuhi jua lilitoka kidogo, la kwanza baada ya siku tisa. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Askofu aliketi mbele, Mzee Wathome karibu naye, suti ya kijivu, kofia juu ya goti. Mlangoni watoto walikuwa wanagawa ratiba. Nikachukua yangu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, Erastus ameandika: Wimbo wa wamama umetungwa na kuelekezwa na Mumbua Nzioka. Nilisoma mara tatu. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kuona jina langu limepigwa chapa ila kwenye kipande.

Malaika walikuwa wazuri. Kwaya ikaimba. Halafu Erastus akazima kaseti, akatoka mbele, akanipa filimbi yangu mbele ya watu wote.

Nthambi aliingia na kyondo. Akasimama. Watu walinyamaza, halafu wakaanza kunong'ona, halafu wakanyamaza tena kwa namna nyingine. Mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Nthambi bado amesimama. Filimbi ilikuwa mdomoni kwangu na sikuipuliza. Nilihesabu pumzi zake. Mzee mmoja akaanza kuinuka, nafikiri aende kumtoa, na hapo hapo bega la kushoto likaamka.

Kulikuwa na sauti kutoka kwa wamama wa nyuma, si kelele, ni kama mtu anayeona ndugu aliyedhaniwa amepotea. Kasiva akaingia. Hakuinamisha kichwa. Nilikuwa nimempanga ainamishe, na hakuinamisha, na alikuwa sawa kuliko mimi. Kyondo kikavuka. Wakaanza kupima shamba. Pembe ya kwanza. Pembe ya pili, na sikuweza kujizuia, nikamtazama Wathome. Hakuondoka. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anaizungusha, anaizungusha. Pembe ya tatu wazee wawili wa kike walikuwa wamesimama, mabega yao yanaenda. Pembe ya nne mikono ikafunguliwa, na nikapuliza.

Mtu mmoja kutoka nyuma akasema kwa Kikamba, wala si kwa sauti kubwa, "Huyo ni Kalunde." Tena mwingine, "Ni yeye." Basi. Sikutangaza kitu, hakuna aliyeeleza kitu. Mtoto hakutajwa. Nimetimiza neno langu.

Askofu alipiga makofi, nafikiri hakuelewa. Wazee hawakupiga.

Jumatano, 17 Desemba

Barua imefika. Kwa kuasi agizo la baraza, nimetengwa na meza ya Bwana miezi sita. Kwa kuwa jina langu lilikuwa limepigwa chapa, hawakupata shida kujua wamwandikie nani. Sahihi ya kwanza ni ya Wathome.

Nimelia, nisidanganye. Meza hiyo naipenda. Ndiyo chakula changu tangu nibatizwe. Nzioka alisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema miezi hiyo sita yeye pia atakaa kwa benchi ya mlangoni, maana kule mbele kuna joto. Nimemwambia Mungu kwamba sitatubu jambo hili, na kama ni kosa, anifundishe yeye mwenyewe polepole, si kwa barua.

Nthambi ameniwekea nafasi kati yake na Kasiva.

Ijumaa, 19 Desemba

Wamama wa kanisa moja la Mwala wametuma mtu. Wanataka ngoma ya Kalunde tarehe tatu Januari. Malaika hawajaombwa, Erastus atakuja kupiga ngoma.

Jioni nilikuwa nakata nyasi za mbuzi karibu na ua nikaona kofia. Mzee Wathome alikuwa amesimama upande wa barabara. Nikamkaribisha ndani, akasema hapo panatosha. Mvua ilikuwa nyembamba. Alianza kwa habari za mahindi, halafu za barabara.

"Ile sehemu ya kupima shamba," akasema. "Umemweka yule mdogo kulia."

Nikasema ndiyo, kulia.

"Mama mkubwa alikuwa haoni jicho la kushoto. Ndui. Basi mama yangu alikuwa anatembea upande huo. Kila mahali. Sokoni, shambani. Hata hapo kanisani, siku ya kwanza." Akavuta ukingo wa kofia. "Sikuwahi kumwona akitembea kulia."

Mikono yangu ilikuwa imejaa nyasi. Nikamwambia, "Mzee, barua ile umetia sahihi."

"Nimetia. Ile ni ya baraza." Akatazama barabara. "Hii ni yangu."

Hakuaga. Niliingia ndani na nyasi zangu zote mpaka Nzioka akaniuliza kama mbuzi wanalala humu.

Jumamosi, 20 Desemba

Mazoezi kwa Nthambi. Mara mbili wamegongana pembe ya pili, miguu imezoea upande wa zamani. Tumerudia mara tisa mpaka ikakaa. Nthambi amefunga jicho moja kwa leso ili mwili ujue.

Kasiva aingie kushoto, nusu hatua mbele, bega lake ligusane na la Kalunde. Asitoke upande huo mpaka mwisho.